Utafiti wa dawa ukome lini? Kanuni iandikwe kabla ya kuanza

Kiswahili kina methali mbili zinazopingana, na wengi wetu huchagua ile inayotufaa kwa siku hiyo. Ya kwanza yasema haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mambo ya nyumbani mtu aweza kushika moja akaacha nyingine. Katika utafiti wa dawa na chanjo haiwezekani. Mtafiti akifanya haraka, atawapa wananchi dawa isiyotibu. Akingoja mno, wagonjwa watazidi kuumia ilhali jibu limo tayari ndani ya kabati lake.

Msomaji, jambo hili lakuhusu hata kama hujawahi kukanyaga mlango wa maabara. Nchini Kenya watu wengi huombwa kushiriki katika uchunguzi wa dawa za malaria, kifua kikuu, ukimwi na maradhi ya watoto. Huenda siku moja wewe, mtoto wako au jirani yako akapewa fomu ya kutia sahihi. Fomu hiyo itaeleza sindano ngapi zitadungwa na nauli itarudishwaje. Ni nadra sana kueleza kwa lugha nyepesi utafiti wenyewe utasimamishwa lini, na nani, na kwa sababu gani. Maoni yangu ni kwamba hilo ndilo swali la kwanza ambalo mshiriki anapaswa kujibiwa.

Konzi ya maharagwe

Hebu tuanzie sokoni. Mfanyabiashara anayenunua maharagwe kwa jumla hawezi kukagua kila punje katika gunia la kilo 90. Huchota konzi moja, akaitawanya kiganjani na kuitazama. Ikiwa imejaa wadudu, hasumbuki tena. Anakwenda kwa muuzaji mwingine. Ikiwa ni safi, anachota ya pili na ya tatu kutoka sehemu nyingine za gunia, kisha analipa. Ikiwa hali ni ya katikati, si nzuri wala si mbaya, anaendelea kuchota mpaka moyo wake utulie. Hapangi tangu mwanzo kwamba sharti achote konzi 20, liwalo na liwe.

Hiyo, kwa ufupi, ndiyo mbinu ambayo wataalamu wa takwimu huiita uchunguzi wa hatua kwa hatua. Aliyeitilia msingi wa hesabu ni Abraham Wald, mwanahisabati aliyetoka Ulaya akahamia Marekani. Mnamo mwaka wa 1943, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, Wald alikuwa miongoni mwa wataalamu waliokusanywa mjini New York kusaidia jeshi. Silaha zilihitaji kukaguliwa, lakini risasi ikishajaribiwa haitumiki tena. Wald alionyesha kwamba ukihesabu matokeo kila yanapoingia, na ukiwa umeweka mipaka miwili tangu mwanzo, wa kukubali na wa kukataa, waweza kufikia uamuzi ulio sawa kwa kutumia mara nyingi nusu tu ya majaribio. Jeshi liliiona mbinu hiyo kuwa ya thamani hata likaifanya siri hadi vita vilipokwisha. Kitabu chake juu ya mbinu hiyo kilitolewa mwaka wa 1947.

Mwingereza Peter Armitage ndiye aliyeifikisha hospitalini, na kitabu chake kuhusu majaribio ya tiba ya aina hiyo kilichapishwa mwaka wa 1960. Ukweli ni kwamba sababu ya daktari ni nzito kuliko ya mwanajeshi. Risasi iliyoharibika ni hasara ya pesa. Mgonjwa aliyepewa dawa duni, huku dalili zikionyesha wazi kwamba nyingine ni bora, ni mtu aliyedhulumiwa.

Mtego wa kuchungulia

Mtu atauliza: kama ni hivyo, mbona watafiti wasichungulie matokeo kila jioni na kusimama mara tu wanapoona dawa inashinda? Hapa pana mtego, na wengi hunaswa.

Chukua mfano wa kijana anayedai kwamba ana mkono wa bahati, na kwamba akirusha shilingi itaangukia upande anaoutaka. Anarusha mara 10, anapata 5. Anarusha tena, bado ni sawa kwa sawa. Anaendelea tu, na siku shilingi inapomwangukia vizuri mara kadhaa mfululizo, anaruka na kusema, "Mmeona?" Kisha anakataa kurusha tena. Shilingi haikubadilika. Yeye tu ndiye aliyechagua saa ya kukoma.

Kwa kawaida wanasayansi hukubali hatari ya 5 kwa 100, yaani wako tayari kudanganywa na bahati mara 5 katika majaribio 100 ya dawa ambayo kwa kweli haina tofauti yoyote. Lakini hesabu hiyo ni sahihi tu ikiwa matokeo yataangaliwa mara moja, mwishoni. Armitage na wenzake walionyesha mwaka wa 1969 kwamba ukiangalia mara 5, na ukiwa tayari kusimama kila unapoona ushindi, hatari hiyo hupanda hadi 14 kwa 100. Ukiangalia mara 10 inafika 19 kwa 100. Kwa maneno mengine, hata unga mtupu uliotiwa ndani ya kapsuli waweza kutangazwa kuwa dawa, mradi mwenyewe awe na subira ya kuchungulia mara nyingi.

Dawa ya ugonjwa huu ni kuweka bei kwa kila jicho linalotupwa. Kanuni mojawapo inayotumiwa sana ilibuniwa na Waamerika O'Brien na Fleming mwaka wa 1979. Tuseme matokeo yataangaliwa mara 5. Mara ya kwanza, ushahidi ni mdogo, kwa hivyo mlango unafanywa mwembamba kama tundu la sindano: tofauti lazima iwe kubwa kiasi kwamba bahati peke yake ingeileta chini ya mara 1 katika 100,000. Mara ya pili mlango unapanuliwa, kama 1 katika 800. Mara ya tatu ni 8 katika 1,000. Mara ya mwisho unakaribia kawaida, 4 katika 100. Ukijumlisha hatari zote kwa njia inayofaa, bado ni 5 kwa 100 tu.

Mambo mawili hukamilisha mpango huu. La kwanza ni kwamba idadi ya kuangalia na upana wa kila mlango huandikwa kabla mshiriki wa kwanza hajasajiliwa. La pili ni kwamba anayechungulia si mtafiti. Ni kamati huru ya madaktari, wataalamu wa takwimu na wa maadili, ambao hawana hisa wala jina la kujenga katika utafiti huo. Mtafiti mwenyewe anabaki gizani hadi aambiwe endelea au simama.

Kisumu, Jamhuri ya 2006

Huenda ukafikiri haya ni mambo ya Ulaya na Marekani. La hasha. Mfano mmoja mkubwa ulitokea Kisumu. Kuanzia mwaka wa 2002, wanaume 2,784 wa umri wa miaka 18 hadi 24 ambao hawakuwa wametahiriwa waligawanywa kwa kura. Wengine walitahiriwa papo hapo na wengine waliombwa wangoje miaka miwili. Swali lilikuwa kama tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi.

Kamati huru iliangalia matokeo mara mbili ikasema utafiti uendelee. Ilipoangalia mara ya tatu, tarehe 12 Disemba 2006, mpaka ulikuwa umevukwa. Katika kundi la waliotahiriwa watu 22 walikuwa wameambukizwa. Katika kundi la waliongoja walikuwa 47. Utafiti ulisimamishwa siku hiyo hiyo, pamoja na mwingine wa Rakai, Uganda, uliokuwa na wanaume 4,996 na matokeo yanayofanana. Waliokuwa wakingoja walipewa nafasi ya kutahiriwa. Miezi michache baadaye, Machi 2007, Shirika la Afya Ulimwenguni na shirika la Umoja wa Mataifa la ukimwi yalipendekeza tohara iwe sehemu ya kinga, na Kenya ikaanzisha mpango wake mwaka wa 2008.

Fikiria kama kamati ingesimamisha utafiti mara ya kwanza ilipoona tofauti kidogo. Tohara si jambo dogo kwa jamii ambayo desturi zake hazikuwa nayo. Wazee wangeuliza, na wangekuwa na haki ya kuuliza, kama mila yao inaguswa kwa sababu ya bahati ya shilingi. Upande wa pili, fikiria kama wangengoja hadi tarehe ya mwisho ya kalenda ndipo wafungue bahasha. Vijana waliowekwa katika kundi la kungoja wangeendelea kuambukizwa huku jibu likijulikana. Kanuni iliyoandikwa mapema ndiyo iliyolinda pande zote mbili.

Watoto wa Kilifi na dripu

Mfano wa pili ni mchungu zaidi, na ndio unaonishawishi kuliko yote. Kwa miaka mingi, katika hospitali za nchi tajiri, mtoto aliyeletwa akiwa na homa kali na damu isiyozunguka vizuri aliongezewa maji mengi kwa haraka kupitia mshipa. Madaktari wengi hawakutilia shaka jambo hilo. Profesa Kathryn Maitland wa Kilifi na wenzake waliamua kulijaribu katika hospitali za Kenya, Uganda na Tanzania kuanzia mwaka wa 2009. Wengi walitazamia kwamba maji yangeokoa maisha na kwamba serikali zingeambiwa zinunue dripu zaidi.

Mpango ulikuwa wa watoto 3,600. Mnamo Januari 2011, walipofika 3,141, kamati huru iliamuru usajili ukome. Maji ya haraka yalikuwa yanaua. Katika saa 48 za kwanza, kati ya watoto 1,047 waliopewa maji ya chumvi kwa haraka, 110 walikufa. Kati ya 1,050 waliopewa maji yenye protini ya albumini, 111 walikufa. Kati ya 1,044 ambao hawakuongezewa maji kwa haraka, waliokufa walikuwa 76. Hiyo ni tofauti ya watoto zaidi ya 3 kwa kila 100.

Hebu tupige hesabu ndogo. Walibaki watoto 459 kabla ya idadi kutimia. Theluthi mbili yao, yaani 306, wangepewa maji ya haraka. Kwa tofauti ile ya 3 kwa 100, watoto kama 10 wangekufa ili tu jedwali likamilike. Watoto 10 ni watoto 10. Wala tusisahau wale ambao hawakuwa katika utafiti: kila mwezi wa kuchelewa ulikuwa mwezi wa madaktari wengine kuendelea kutoa tiba hiyo kwa nia njema.

Mlango wa tatu

Kuna sababu ya tatu ya kusimamisha, nayo ni ya heshima ingawa haifurahishi: pale inapobainika kwamba hata utafiti ukiendelea hadi mwisho, hautapata jibu linalotakiwa. Mwezi Aprili 2011 utafiti wa kidonge cha kuzuia ukimwi, uliowahusu wanawake wa Bondo pamoja na wa Tanzania na Afrika Kusini, ulisimamishwa kwa sababu hiyo. Maambukizi yalikuwa sawa kwa waliopewa dawa na waliopewa dawa bandia. Baadaye ilifahamika kwamba wengi hawakuwa wakimeza vidonge inavyotakiwa. Miezi mitatu tu baadaye, utafiti mwingine wa jozi 4,747 za wapenzi nchini Kenya na Uganda, ambapo mmoja alikuwa na virusi na mwenzake hana, uliambiwa uache kutoa dawa bandia kwa sababu vidonge vya aina hiyo vilikuwa vinakinga waziwazi. Mwaka mmoja, kinga ya namna moja, maamuzi mawili tofauti, na yote mawili yalikuwa sawa.

Aidha, yafaa ieleweke kwamba saa ya utafiti wa namna hii haihesabu siku. Inahesabu matukio. Wakati wa corona wengi walinung'unika kwamba chanjo zilipikwa kwa haraka mno. Ukweli ni kwamba chanjo ya Pfizer ilichunguzwa kwa watu zaidi ya 43,000, na hesabu ya mwisho ilipangwa kufanywa wagonjwa wakifika 164. Ugonjwa ulikuwa umetapakaa, kwa hivyo wagonjwa walipatikana upesi. Kufikia Novemba 2020 walikuwa 170: 162 kati ya waliodungwa sindano bandia, na 8 tu kati ya waliochanjwa. Ni ugonjwa wenyewe uliokimbia.

Si dawa ya kila kitu

Hata hivyo, sitaki msomaji adhani kwamba kusimamisha mapema hakuna gharama. Utafiti uliokatizwa ukiwa na matukio machache huelekea kutia chumvi, kwa kuwa husimamishwa hasa pale matokeo yalipopanda juu kupita kiasi. Ukisoma kwamba dawa fulani imepunguza vifo kwa asilimia 70 na utafiti ukakoma baada ya vifo 20, punguza furaha yako. Pia madhara yanayojitokeza baada ya miaka mingi hayawezi kuonekana katika miezi michache. Ndiyo maana ilikuwa busara kuwafuatilia vijana wa Kisumu kwa miaka kadhaa hata baada ya utafiti kukoma, na kuhakikisha kwamba kinga ile haikuyeyuka.

Kenya inajua pia gharama ya kutangaza mapema bila mlango wowote. Mwaka wa 1990 dawa iliyoitwa Kemron ilitangazwa hapa nchini kwa shangwe kwamba imepata kutibu ukimwi. Ushahidi ulitokana na idadi ndogo ya wagonjwa. Majaribio makubwa zaidi yaliyofanywa baadaye, yakiwemo ya Uganda, hayakuona manufaa. Wagonjwa waliobebeshwa matumaini ndio walioumia, na imani ya wananchi kwa wanasayansi wetu ilitikisika.

Kuna wanaosema kwamba mambo haya ni ya wataalamu na mwananchi hayamhusu. Sikubaliani nao. Mwili unaochomwa sindano si wa wataalamu. Wengine husema kwamba kuchungulia matokeo huku watu wakiendelea kusajiliwa ni kuwafanya Waafrika panya wa maabara. Hao nao wanakosea: panya ni yule ambaye hakuna anayemwangalia mpaka mwisho. Mshiriki mwenye kamati inayomlinda, na yenye uwezo wa kusema basi, anatendewa kama binadamu.

Yanayopasa kufanywa

Kwanza, kamati za maadili zinazoidhinisha utafiti nchini, pamoja na Bodi ya Dawa na Sumu, zisikubali fomu yoyote ya idhini ambayo haielezi kanuni ya kusimamisha. Ielezwe kwa Kiswahili na kwa lugha ya mama ya mahali hapo: matokeo yataangaliwa mara ngapi, na nani, na ni jambo gani litakalofanya utafiti ukome. Aya moja yatosha.

Pili, utafiti unaposimamishwa, washiriki wawe wa kwanza kuambiwa. Ni aibu mama aliyemtoa mwanawe kwa ajili ya sayansi kusikia habari hizo redioni akiwa ndani ya matatu.

Tatu, wanasiasa na sisi wanahabari tuache kuwabana watafiti watupe matokeo ya katikati. Kila uvumi unaovuja kabla ya wakati huwafanya washiriki wajitoe, na utafiti ukavunjika bila jibu la kweli wala la uongo.

Na wewe msomaji, ukiombwa kushiriki, au ukisikia dawa mpya ikisifiwa, uliza maswali manne. Je, idadi ya watu na ya kuangalia matokeo ilipangwa kabla ya kuanza, au walisimama walipopendezwa? Nani aliyekuwa akiangalia, mwenye dawa au kamati isiyo na maslahi? Ni matukio mangapi yaliyohesabiwa, si watu wangapi tu waliosajiliwa? Na je, waliobaki katika kundi la pili walipewa nini baada ya jibu kupatikana?

Ukijibiwa yote manne bila kuzungushwa, waweza kutia sahihi ukiwa na moyo mtulivu. Ukiambiwa kwamba hayo ni mambo ya ofisini na hayakuhusu, rudisha kalamu, chukua mtoto wako, na mwende nyumbani.